Ufunguo wa Shule Anao Nani?

Kila masika yakikaribia, ofisi ya serikali ya mtaa wetu hupokea barua kutoka kata. Barua yenyewe haibadiliki sana mwaka hadi mwaka: wananchi waishio mabondeni wachukue tahadhari, mitaro isafishwe, kamati ya maafa ya mtaa ikutane na taarifa iwasilishwe. Inagongwa muhuri, inabandikwa ubaoni kati ya tangazo la chanjo na karatasi ya kiwanja kinachouzwa ("madalali hawatakiwi"), kisha wanakamati tunaitwa. Mimi niliingizwa kwenye kamati hiyo kwa kuwa naandika haraka na si mbishi mbele ya mwenyekiti. Kwa siasa za mtaa, hizo ni sifa kubwa.

Mtaa uko bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Jina lake naliacha, maana majirani hawakunituma niwaandike mtandaoni. Mto wenyewe unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unakatiza jiji, njiani unapokea maji ya vijito kama Sinza, Ubungo na Luhanga, ndipo unamwaga baharini karibu na Daraja la Selander. Wakati wa kiangazi ziko sehemu unavuka bila kulowesha magoti. Ndiyo maana mtu akihamia Januari, akaoneshwa chumba cha bei nafuu chenye dirisha linaloangalia mtoni, huona kapata.

Nyumba ya jirani yangu ina mstari wa rangi ya bluu kwenye ukuta wa sebule, juu kidogo ya swichi ya taa. Hapo ndipo maji yalipofika Desemba 2011, kwenye ile mvua iliyoanza kumwagika tarehe 20, ambayo ilitangazwa kuwa kubwa kuliko zote Dar es Salaam tangu 1954. Zaidi ya watu 40 walikufa jijini. Mwenye nyumba alichora mstari huo mwenyewe baada ya kufagia tope, na wanawe waliozaliwa baadaye wanautumia kupimia urefu wao. Mkubwa ameshaupita.

Nimeanza na mstari kwa sababu huo ni mpango wa dharura pia, tena unaosomeka kuliko mingi niliyowahi kushika mkononi. Ukiuona unajua kitanda kiinuliwe mpaka wapi, vyeti vya kuzaliwa viwekwe wapi, na ni mtu gani ndani ya nyumba hawezi kusimama akabaki na kichwa nje ya maji.

Kwa upande wa karatasi, hatuna njaa. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2015. Imeweka kamati tangu ngazi ya taifa, ikaja mkoa chini ya mkuu wa mkoa, wilaya chini ya mkuu wa wilaya, ikashuka hadi kata, kijiji na mtaa. Uratibu wa juu uko Ofisi ya Waziri Mkuu. Dar es Salaam kuna hata timu ya pamoja ya mkoa ya kukabili dharura, inayokutanisha zimamoto, polisi, watu wa afya, Msalaba Mwekundu na wengineo, wakafanya mazoezi ya mezani: meli imezama, ghorofa limeanguka, nani anampigia nani. Sisemi hayo hayana maana. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, kila mtu aliona kwamba katika uokoaji wa vile, anayejua nani anaongoza eneo la tukio ni muhimu kama anayeshika sururu.

Utabiri nao umekuwa mzuri kuliko tunavyopenda kukiri vijiweni. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari kwa ngazi na kwa rangi, ya njano, ya machungwa na nyekundu, na siku hizi inaeleza athari zinazoweza kutokea, si mvua peke yake: makazi kuzungukwa na maji, usafiri kuchelewa, shughuli kusimama. Agosti 2023 walishasema vuli inayokuja itakuwa na El Niño. Mwezi huohuo watu wakaanza kutania mitandaoni, na utani ukaendelea mpaka mvua zilipofika. Mwishoni mwa Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa kutokana na mvua hizo na kaya zaidi ya 51,000 zimeathirika. Siku chache baadaye kikaja kimbunga Hidaya.

Hidaya ilinifundisha kitu. Ilipokuwa inasogea kuelekea Mafia na Kilwa, tarehe 3 na 4 Mei, tangazo lilitoka, boti za Zanzibar zikasimamishwa, wavuvi wakavuta vyombo ufukweni. Barabara ya kusini ilikatika vibaya kule Kilwa, umeme ukaleta shida, lakini habari ya boti kupotea na abiria hatukuisikia. Nikajiuliza kwa nini agizo la bahari lilitiika haraka hivyo, wakati la bonde tunaimbiwa kila mwaka na hatuhami. Jibu lake halihitaji mtaalamu. Bandarini kuna geti moja, kuna nahodha mwenye leseni, kuna ofisa mwenye mamlaka ya kusema leo chombo hakitoki. Bondeni geti hakuna. Kuna milango elfu kadhaa, kila mmoja una mpangaji wake, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye leseni yake itafutwa asipoondoka usiku wa leo. Serikali imezoea kusimamisha vitu vyenye geti. Mahali pasipo na geti inabidi kuwe na mtu wa kugonga milango, na kazi ya kumwandaa mtu huyo ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote katika mipango yetu.

Mpango wa dharura wa mtaa wetu ni daftari la kaunta, kubwa, lenye jalada jeusi na mgongo mwekundu. Limegawanywa kwa mashina. Kila kaya ina mstari: jina la mkuu wa kaya, namba ya simu, wangapi wanalala humo, wangapi hawawezi kutoka wenyewe. Safu hiyo ya mwisho ndiyo roho ya daftari. Humo utakuta "bibi, kiharusi", "mtoto, miguu", "mama, anajifungua mwezi wa nne", na mahali pamoja mtu ameandika "baba, akilewa". Kamati ilicheka. Mwenyekiti akasema iachwe, ni taarifa sahihi.

Mpango wa wilaya nimewahi kuushika. Una kurasa nyingi, una mchoro wa mamlaka wenye mishale, una orodha ya majanga tangu ukame hadi ajali ya ndege. Ukiniuliza usiku wa manane, maji yakiwa kizingitini, nichukue upi, nitachukua daftari.

Hata hivyo daftari halina miguu. Kikao kimoja mwenyekiti alituuliza, "Maji yakija usiku, hawa tunawalaza wapi?" Wote tukajibu shule ya msingi, kwa sauti ya watu waliokwisha maliza kazi. Akauliza, "Ufunguo wa shule anao nani?"

Mwalimu mkuu anaishi Chanika, mbali na hapa. Mlinzi ana ufunguo wa geti, wa madarasa hana, kwa sababu madawati yaliwahi kuibwa. Mwalimu wa zamu anabadilika kila wiki. Mjumbe mmoja akasema atavunja kufuli, na mwingine akamuuliza hilo kufuli jipya atalilipa nani, wakati hata kufuli la ofisi yetu wenyewe lilinunuliwa kwa mchango. Ilichukua muda na barua kwa mwalimu mkuu, nakala kwa afisa elimu kata, kabla ya funguo za madarasa mawili kuwekwa kwa mama anayeuza vitumbua pembeni ya geti. Yeye halali mbali, huamka saa tisa usiku kuwasha jiko, na hakuna mtu mtaani asiyejua mlango wake. Katika mpango wote wa dharura wa eneo letu sidhani kama kuna uamuzi bora kuliko huo. Hauko kwenye mchoro wenye mishale.

Kisha yakafuata maswali yasiyopendeza. Shule ina vyoo vingapi vinavyofanya kazi? Tangi la maji lina maji? Watu wakilala madarasani siku nne, watoto wa darasa la saba watasomea wapi? Nani atalala mlangoni kwa wanawake? Maafa yakitangazwa redioni, shule husikika kama makazi ya muda na mambo yameisha. Mtu aliyewahi kulala juu ya dawati akiwa na mtoto mchanga na chandarua kimoja kwa familia tatu, hilo neno la muda halimpi raha.

Sasa nije kwenye kulijaza daftari lenyewe, maana hapo ndipo nilipojua kwa nini mipango mingi ya serikali za mitaa haina majina.

Nilizunguka na mtendaji wa mtaa, binti mdogo mwenye bidii aliyekuwa ameletwa kwetu kutoka halmashauri nyingine. Tukaingia kwa bibi mmoja anayeishi nyumba tatu kutoka mtoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mmeleta rangi nyekundu?"

Mtendaji hakuelewa. Mimi nilielewa. Desemba 2015, mabonde ya Msimbazi yalipopigwa bomoabomoa, nyumba zilitangulia kuchorwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Kwa watu wa kule, ofisa mwenye daftari na ofisa mwenye kopo la rangi ni ndugu.

"Hapana bibi. Tunaandika wasioweza kutembea wenyewe, mvua ikija tuwatoe kwanza."

"Mara ya kwanza mliniandika mkasema ni ya viwanja. Kiwanja sikukiona."

"Hayo yalikuwa ya ngazi za juu, bibi."

"Na wewe mwanangu, mshahara wako unatoka ngazi ipi?"

Mtendaji akacheka, bibi naye akacheka, na tukakaribishwa maji ya kunywa. Jina lake lakini hatukuandika siku ile. Aliliandikisha mjukuu wake baadaye, kwa simu, akasema bibi amekubali kwa sharti kwamba akibebwa abebwe na godoro lake.

Anachokumbuka bibi ni mambo ya baada ya mafuriko ya 2011, serikali ilipohamishia waathirika Mabwepande, pembezoni mwa jiji, na kuwagawia viwanja. Kazi ile iliwafaa wengi na iliwaacha wengine pembeni. Nyumba ya Uswahilini ina mwenye nyumba na wapangaji sita, na swali la nani hasa ni mwathirika halijibiki kwa kuhesabu mapaa. Baadhi ya waliohamishwa walirudi mjini, kwa sababu soko la Kariakoo halikuhamia Mabwepande pamoja nao. Tusiwalaumu kwa haraka. Hata serikali yenyewe ilijenga karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani, na maji yakaingia karakanani, tena na tena.

Kwa hiyo orodha ina uzito wake. Ukiandika majina kabla ya mvua, watu wanajificha wakidhani ni kuhamishwa. Ukiandika baada ya mvua, magodoro na unga vikiwa vimeshushwa kwenye lori, kaya zinazaliana. Kijana aliyekuwa anakula kwa mama yake mpaka jana ana kaya yake leo. Mwenyekiti wetu aliyepita, mzee mjanja, alikuwa na kanuni: orodha inaandikwa kiangazi, wakati hakuna kinachogawiwa na hakuna kinachobomolewa. Msaada ukija unagawiwa kwa orodha hiyo, na asiyekuwemo aeleze alikuwa wapi mwezi wa pili. Iliwahi kumtenga mpangaji aliyehamia mwezi wa tatu, haki haikutendeka, na ikabidi kamati ikae upya. Bado sijaona kanuni bora.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye picha za mafuriko. Ni vyoo. Mvua kubwa ikianza, ziko nyumba ambazo hufungua tundu la shimo la choo na kuacha maji ya mvua yabebe kilichomo. Kutapisha choo, wenyewe wanavyosema. Gari la maji taka haliingii kwenye vichochoro vyetu, na hata likiingia bei yake inamuuma mwenye nyumba. Ikifika usiku wa mvua anaona Mungu amemletea gari la bure. Kinachofuata kinajulikana. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani, tulikumbushwa wote kwamba anayekufa kwa mafuriko si lazima asombwe na maji.

Bwana afya wa kata huja na sheria ndogo na faini. Sina ugomvi na faini, ila faini ya mwezi wa nne imechelewa. Kama kweli halmashauri inajiandaa kwa mafuriko, fedha yake ya kwanza ingekwenda kwenye kupakua mashimo ya vyoo vya bondeni mwezi wa pili, ardhi ikiwa kavu, kwa bei ya kuchangia. Hakuna kamera itakayokuja kupiga picha ya kazi hiyo. Nadhani ndiyo sababu haifanyiki.

Maana upande wa fedha, utaratibu wetu umekaa kinyume. Serikali ya mtaa haikusanyi kodi zake. Mapato ni ya halmashauri. Mwenyekiti anaishi kwa posho, mjumbe wa kamati anaishi kwa kuitwa "mheshimiwa" siku ya msiba. Ukiomba megafoni na buti mwezi wa kwanza, unaambiwa hakuna maafa yaliyotokea. Maafa yakitokea, fungu linapatikana, na linakuja likiwa mikeka, ndoo na mchele, na mkuu fulani akiwa mbele. Navipokea vyote kwa shukrani. Ila megafoni moja ingeamsha shina zima saa nane usiku, na bei yake haifikii ya mafuta ya msafara wa magari yanayokuja kutupa pole.

Msumbiji walilitazama jambo hili mapema kuliko sisi. Baada ya mafuriko ya mwaka 2000 yaliyoua takriban watu 700, walianza kujenga kamati za vijiji kwenye mabonde ya mito kama Búzi, wakazipa vifaa ambavyo mtu anaweza kuvibeba kwa baiskeli: redio, megafoni, filimbi, na bendera za rangi tofauti za kuonesha hatari iko mbali au imefika. Wanakijiji wenyewe wanasoma kina cha mto na kutuma taarifa mpaka vijiji vya chini. Kimbunga Idai cha Machi 2019 kiliua mamia ya watu nchini humo licha ya yote hayo, kwa hiyo sitadai kwamba filimbi inazuia bahari. Bila mtandao wa aina hiyo hesabu ingekuwa nyingine.

Kwetu, mtandao wa usiku ni mabalozi wa nyumba kumi na vijana wa kijiweni. Mabalozi ni watu wa chama, si wa serikali, na tangu mfumo wa vyama vingi mwaka 1992 hilo limeleta maneno. Kuna kaya hazimfungulii balozi kwa sababu za kura. Kwenye maji wanamfungulia. Vijana nao hawana cheo chochote, lakini fundi wa magari pale kona ana mipira ya ndani ya matairi ya lori na kamba ndefu, na mwaka ule wa mwisho maji yalipokuja yeye na wenzake walitoa watoto kabla hata simu yangu haijapokelewa mjini. Tukamwandika kwenye daftari: fundi, mipira minne, kamba. Sasa ni sehemu ya mpango.

Hili la nani anafika kwanza tulioneshwa wazi Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipotumbukia Ziwa Victoria ikikaribia kutua. Wavuvi walifika kwanza kwa mitumbwi. Kijana Majaliwa Jackson alitumia kasia kuufungua mlango wa nyuma. Walikuwamo watu 43, wakapona 24. Baadaye alipewa fedha na kazi kwenye jeshi la zimamoto na uokoaji, taifa zima likampigia makofi, na alistahili. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kuna halmashauri ngapi za mwambao wa ziwa ambazo mpango wake wa dharura una namba ya simu ya mwenyekiti wa wavuvi wa mwalo ulio karibu na uwanja wa ndege.

Upande wa pili wa watu wanaofika kwanza ni Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakasogea na madumu, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Pale kasi ya kufika ndiyo iliyoua. Kijiwe kisipofundishwa lini kikimbilie tukio na lini kilikimbie, kitakimbilia kila kitu. Kwenye kikao chetu niliomba watu wa Msalaba Mwekundu waje wafundishe vijana kuhusu nyaya za umeme zilizoanguka majini. Walikuja, wakafundisha vizuri, na vijana wakauliza maswali ambayo sisi wazee wa kamati tulikuwa hatujayafikiria: je, mtu ameganda kwenye geti la chuma, unamvutaje?

Kumbukumbu ndiyo adui mwingine. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 ulituletea mwenyekiti mpya. Daftari lilikuwa nyumbani kwa aliyepita, chini ya kitanda, na makabidhiano yalikuwa ya muhuri na mihutasari tu, hakuna aliyelidai. Lilipatikana kwa sababu mke wa mzee ni rafiki wa mama wa vitumbua. Mtendaji niliyezunguka naye kwa bibi alikuwa ameshahamishwa. Mpango wowote unaoishi ndani ya kichwa cha mtu mmoja una umri wa cheo chake.

Kuna mjumbe alipendekeza tupige picha kurasa zote tuziweke kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Tulikataa. Orodha inayosema bibi fulani anaishi peke yake na hawezi kutembea, mwizi angeinunua. Sasa kuna nakala mbili, moja ofisini na nyingine kwa katibu wa kamati, na kila kiangazi zinalinganishwa. Kazi inachosha, na wapangaji wa Dar es Salaam wanahama kila kukicha.

Ramani tunayo pia. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ulizungusha wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi kwenye kata nyingi zinazokumbwa na maji, wakachora mitaro, vichochoro, visima na majengo, na kuiweka ramani wazi kwa yeyote. Kabla ya hapo, sehemu kubwa za Uswahilini zilionekana kwenye ramani kama eneo tupu lenye jina. Nakala yetu ya karatasi imeanza kuchanika kwenye mikunjo, na vichochoro viwili vilivyomo sasa vina vibanda vya M-Pesa katikati. Gari la zimamoto halipiti tena hapo. Kuvihamisha vibanda hivyo ni mpango wa dharura pia, na ni mgumu kuliko kuandika taarifa, kwa kuwa mmoja ni wa shemeji wa mjumbe.

Miaka michache ijayo huenda nusu ya daftari ikafutika. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi: daraja jipya Jangwani, mto kupanuliwa, watu wa bondeni kulipwa fidia na kuondoka. Wengi wa majirani wanazungumzia Kivule, Msongola, Chanika. Naunga mkono mto kupewa nafasi yake. Ninachoona hakizungumzwi sana ni kwamba kule wanakokwenda kuna makorongo, kuna mioto ya majiko ya mkaa, kuna barabara zisizopitika masika, na kamati ya mtaa inayowapokea haijui kwamba katika kaya hii mpya yumo mtoto asiyeweza kutembea. Fidia inalipa ukuta. Jirani mwenye mpira wa lori hayumo kwenye hesabu ya mthamini.

Basi mwaka huu sitasubiri barua ya kata. Kabla halmashauri haijakusanya vipaumbele vya bajeti inayoanza Julai, mitaa huitwa kwenye mkutano wa hadhara kuibua vyake kwa ule utaratibu wa fursa na vikwazo, yaani wananchi wenyewe kutaja walichonacho na kinachowakwamisha. Nimeandaa ombi la ukurasa mmoja: megafoni, tochi za kuchaji, kamba, buti, sanduku la huduma ya kwanza, kabati la chuma la kufungia hivyo vyote, na ruzuku ya kupakua vyoo vya mashina manne ya chini. Mkutano uliopita kipaumbele chetu cha kwanza kilikuwa kumalizia uzio wa ofisi. Safari hii nimeanza kuzungumza na akina mama wa vikoba kabla ya kuzungumza na mwenyekiti, kwa sababu wao ndio wanaojaza viti, na kura zao zikishakaa pamoja, uzio utasubiri.